Sadaka ya Ijumaa Haimrudishi Mtu Kazini



Ijumaa iliyopita ulitoka msikitini, ukavaa makubadhi yako, ukapita mbele ya wale wanaume waliokaa chini ya ukuta. Wawajua ninaowasema. Si vipofu, si viwete, wala si wazee wa kujikongoja. Ni watu wa makamo, mikono yao migumu, na nguo zao ni kuukuu lakini zimefuliwa. Ulitia mkono mfukoni, ukampa mmoja wao kitu kidogo, ukasema Mungu atafungua, kisha ukaenda zako nyumbani kula wali wako na moyo wako umetulia. Leo nataka nizungumze nawe juu ya kule kutulia kwa moyo wako.

Sadaka ile ni njema, na aliyekwambia uache kutoa si mimi. Lakini mtu yule hakuja pale kwa ajili ya sarafu. Alipoteza kazi, na baina yake na kazi nyingine pana vizuizi vinne vitano ambavyo wewe, ujuaye kusoma na kuandika na ujuanaye na watu, ungaliweza kumwondolea kwa asubuhi moja. Badala yake ulimpa cha kununulia unga. Jumatatu unga umekwisha, vizuizi viko pale pale, na Ijumaa nyingine mwakutana tena ukutani, wewe na moyo wako uliotulia na yeye na aibu yake.

Hebu tutazame alivyofanya Mtume wetu (S.A.W.). Imesimuliwa na Anas bin Malik (R.A.), na imo katika mkusanyiko wa Abu Dawud, kwamba mtu mmoja katika Ansari alimjia Mtume kuomba. Ungalikuwa wewe au mimi, tungalimpa au tungalimnyima, basi. Mtume alimwuliza kwanza: nyumbani kwako huna kitu chochote? Yule mtu akajibu kwamba ana nguo moja, nusu wanajifunika na nusu wanatandika, na chombo cha kunywea maji. Akaamrishwa avilete. Mtume akavishika kwa mkono wake mwenyewe, akavinadi mbele za watu. Mmoja akataka kutoa dirhamu moja. Mtume hakuridhika, akauliza tena na tena ni nani atakayezidisha, mpaka akapatikana wa dirhamu mbili. Akampa yule Ansari fedha zile, akamwambia moja anunue chakula awapelekee watu wake, na ya pili anunue shoka alilete kwake. Shoka lilipoletwa, Mtume akalitia mpini kwa mkono wake. Kisha akamtuma akakate kuni na kuuza, na akamwambia asimwone tena mpaka zipite siku kumi na tano. Siku zilipotimia yule mtu akarudi na dirhamu kumi, amekwisha nunua nguo na chakula.

Tumeisikia hadithi hii mara ngapi katika darsa? Na kila mara twaambiwa funzo lake ni kwamba kuomba ni kubaya. Ndiyo, ni kubaya. Lakini wenye kuisimulia hivyo wameitupa hadithi nzima wakabakiza mkia wake. Hebu hesabu kazi aliyoifanya Mtume kabla ya kumwambia mtu yule aende: alimhoji ajue ana nini, akamtafutia wanunuzi, akampandishia bei, akamgawia fedha kwa mpango, akahakikisha chombo cha kazi kimekamilika, akamwonyesha kazi yenyewe ni ipi, akampa muda, na muda ulipokwisha akampokea kusikia habari zake. Hakumwambia jitafutie. Na huyo alikuwa Mtume wa Mwenyezi Mungu, mwenye umma mzima wa kuushughulikia. Sisi tuna shughuli gani iliyo kubwa kuliko hiyo?

Sasa twende Kerenge, wilayani Korogwe. Wewe uliye Tanga mjini, au Pangani, au hata Mombasa, usiseme Kerenge ni bara na hainihusu. Majumba ya Tanga mengi yalijengwa kwa fedha ya mkonge, na mkonge ulikatwa na watu wa mabondeni chini ya milima ya Usambara. Ulianza mwaka 1893, Dakta Richard Hindorf alipoagiza miche elfu moja kutoka Florida. Iliyofika hai ilikuwa 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Kutokana na miche hiyo nchi hii ikafika mahali pa kutoa karibu tani 230,000 za singa mwaka 1964, ikawa ya kwanza duniani.

Na watu walipatikanaje wa kukata mkonge wote huo? Wazee wa Korogwe na Handeni wakumbuka neno manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao ya kutafuta wafanyakazi, ikiitwa SILABU. Ofisi hiyo ilikuwa na mawakala Kigoma, Songea, Njombe na kwingineko. Mtu aliandikwa jina, akapewa namba, akasafirishwa, akapokelewa kambini, akakabidhiwa kipande chake cha siku thelathini. Sisemi yale yalikuwa maisha mema. Waliyoyapata manamba twayajua, na wajukuu wao wako kati yetu hata leo hawajui nyumbani kwa babu ni wapi. Nasema jambo moja tu. Pale mwenye shamba alipohitaji mtu, paliwekwa ofisi, daftari, karani na usafiri wa kumfuata mtu huyo safari ya siku nyingi. Pale mtu alipohitaji kazi hapakuwekwa hata benchi.

Kisha mkonge ukaanguka. Kamba za nailoni na plastiki ziliingia sokoni, bei ikaporomoka, mashamba mengi yakataifishwa baada ya 1967 na hayakupata fedha ya kupandwa upya, na mwishoni mwa miaka ya 1990 singa za nchi nzima zilikuwa chini ya tani 30,000. Mashine za korona zikanyamaza shamba baada ya shamba. Siku hizi mkonge umeanza kurudi, alhamdulillahi, wala haukufa kabisa. Lakini mtu hafufuki pamoja na zao. Aliyeachishwa leo hakuna anayemfuata kwao kumwambia kwamba shamba fulani latafuta watu.

Hapa ndipo wanapotokea wenye kusema: watu wenyewe wavivu. Utayasikia haya barazani, juu ya kahawa, kutoka kwa mtu ambaye duka lake aliachiwa na baba yake. Wasema angalia, wamekaa kutwa nzima wakicheza bao, hata kuuliza kazi hawaulizi.

Mwenye kusema hivyo ameona kweli, lakini ametanguliza matokeo akayaita sababu. Mwaka 1933 wachunguzi watatu, Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, walitoa kitabu juu ya kijiji cha Marienthal, karibu na Vienna katika nchi ya Austria. Kijiji kile kiliishi kwa kiwanda kimoja cha nguo, kama kambi inavyoishi kwa shamba moja, na kiwanda kikafungwa. Ungedhani watu waliopata nafasi ya kutwa nzima wangesoma zaidi. Maktaba iliondoa hata ada yake, na bado vitabu vilivyoazimwa vilipungua kama nusu. Wanaume walipimwa mwendo wao barabarani, ikaonekana wanakwenda polepole wakisimama kila mara. Hao hawakuzaliwa wavivu. Kabla ya kiwanda kufungwa walikuwa kazini. Mtu akibisha hodi milango kumi asifunguliwe, wa kumi na moja anaupita. Basi unapomwona amekaa kimya, jua kwamba umekuja umechelewa.

Na wako waliodhani dawa ni kamba na lori. Mwaka 1983 nchi yetu ilipitisha sheria ya nguvukazi, na watu wasio na kazi wakakamatwa katika mitaa ya Dar es Salaam na kurudishwa vijijini na mashambani. Wengi walirudi mjini hata kabla ya mvua kunyesha. Yaliyofanyika yalikuwa kumhamisha mtu kutoka pasipo na kazi yake mpaka pengine pasipo na kazi yake.

Sasa nikuonyeshe vile vizuizi nilivyovitaja, kwani huenda waniona nazungumza hewani. Chukua mtu wa Kerenge aliyekuwa kibarua wa kudumu wa shamba kwa miaka sita, akapunguzwa si kwa kosa lake. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 yasema anastahili kiinua mgongo: mshahara wa siku saba kwa kila mwaka mmoja aliotimiza, mpaka miaka kumi. Yasema pia mwajiri ampe cheti cha utumishi, karatasi ya kuonyesha alikuwa nani pale na alifanya kazi gani. Kama ameachishwa kinyume cha haki ana siku thelathini za kupeleka shauri lake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku ya thelathini na moja ataambiwa amechelewa, aanze kuomba radhi ya kuchelewa kabla hata hajasikilizwa. Na ikiwa aliandikishwa katika NSSF na amechangiwa si chini ya miezi 18, sheria ya mwaka 2018 imemwekea fao la kukosa ajira, yaani kama theluthi ya mshahara wake, kwa muda wa miezi sita.

Ndugu msomaji, mambo haya yote yameandikwa. Niambie, ukutani pale pa msikiti, nani ayajua? Mtu yule ameondoka kambini na godoro lake na karatasi mbili asizoweza kuzisoma. Siku thelathini zimepita akiwa kwa shemeji yake akingoja hasira zipoe. Cheti hakukiomba, kwani hakujua kama ni haki yake. Alidhani ni hisani ya karani, na karani walikuwa hawapatani. Fao hakulifuata, maana ofisi iko mjini na nauli ndiyo ile anayokusudia kununulia unga. Huo ni mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili asikia shamba la upande wa pili latafuta mtu wa korona, kazi aliyoifanya miaka sita, aende akaulizwe: una karatasi gani? Hana. Anachukuliwa mpwa wa nyapara.

Na mwanamke aliyekuwa akianika singa, ambaye mume wake amekufa au amemwacha, hali yake ni mbaya kuliko hiyo, kwa kuwa yeye hata ukutani hakai. Humwoni Ijumaa. Kule Afrika Kusini wachunguzi walijaribu jambo dogo: watafuta kazi waliambatanisha na maombi yao barua fupi ya mwajiri wa zamani, inayosema mtu huyu namjua, alifika kazini kwa wakati, nilimwamini. Wenye barua waliitwa zaidi, na waliofaidi kuliko wote walikuwa wanawake. Barua moja! Mambo haya si mageni kwetu. Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan alikuwa mkimbizi, hana kazi wala mjomba. Aliwanywesheza wanyama mabinti wawili, na mmoja wao akamwambia baba yake amwajiri, akimtaja kwa sifa mbili, nguvu na uaminifu. Msome Suratul Qasas uone. Binti yule alitoa ushahidi wa alichokiona kwa macho yake, na Musa akapata kazi ya miaka minane mpaka kumi, na nyumba, na mke. Wewe umewahi kumtolea nani ushahidi wa namna hiyo, asiyekuwa mtoto wa dada yako?

Najua jibu liko tayari: serikali ipo. Kweli ipo, na tusiidhulumu. Kuna sheria ya kukuza huduma za ajira ya mwaka 1999. Mwaka 2001 kikafunguliwa kituo cha kuwaunganisha watafuta kazi na waajiri Dar es Salaam, na mwaka 2008 ukaanzishwa Wakala wa Huduma za Ajira. Mambo hayo ni mema. Lakini yalianzia miji mikubwa, na mtu asiye na nauli ya kufika Korogwe mjini usimhesabie ofisi iliyo mbali zaidi ya hapo. Ofisi ya serikali yahitaji mtu wa kati, wa kumshika mkono huyu na kumfikisha mlangoni, na huyo serikali haiwezi kumwajiri katika kila kijiji.

Pasipokuwa na mtu huyo mwema, nafasi yake haibaki tupu. Huikalia dalali. Dalali ajua nafasi iko wapi, ana simu, ana maneno matamu, na kwanza ataka kitu chake. Amchukulia maskini fedha ya kumwonyesha kazi ambayo pengine haipo, na ikiwapo, amkata tena mshahara wa mwezi wa kwanza. Nyumba za pwani mwayajua zaidi kwa upande wa Arabuni, jinsi mabinti walivyopelekwa Omani na Imarati kwa ahadi ya mshahara mwema. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuwahoji wanawake hamsini wa Tanzania waliofanya kazi za nyumbani huko, na mengi waliyoyasimulia yalikuwa ya pasi kuzuiliwa, mishahara kutolipwa na saa za kazi zisizokwisha. Wengi wa namna hiyo huondoka kwetu kwa mkono wa mtu anayejulikana mtaani. Tulimwona akiingia nyumba ile, tukanyamaza. Tangu 1948 Shirika la Kazi Duniani, katika mkataba wake nambari 88, limeweka kwamba nchi ziwe na huduma ya kuwaunganisha watu na kazi bila ya malipo. Sisi tumeiacha kwa mtu anayewatoza wenye njaa.

Liko na jibu la pili, nalo laniudhi zaidi kwa kuwa limevaa kilemba. Wasema: riziki imeandikwa, mtu atawakali. Subhanallah! Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipohamia Madina hana kitu, ndugu yake wa Kiansari, Saad bin Rabii, alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akamwomba jambo moja tu: amwonyeshe soko liko wapi. Akaonyeshwa, akaenda, akarudi na jibini na samli. Huyo ndiye aliyetawakali. Na Nabii Yusuf (A.S.), akitoka gerezani, alimwambia mfalme wa Misri kazi anayoiweza na sababu ya kufaa kwake, kwamba ni mlinzi na ni mjuzi. Hakukaa kimya akingoja kuteuliwa. Kuomba kazi kwa kutaja ujuzi wako kumbe ni mwendo wa Mitume, na kumwonyesha mgeni njia ya soko ni mwendo wa Ansari. Anayemwambia asiye na kazi atawakali, na yeye mwenyewe amefunga duka lake kwa kufuli tatu, ajiulize tawakali ile ni ya nani.

Sasa nini kifanyike Kerenge? Sipendekezi jengo wala mfadhili. Mwaka 1975 Dakta Nathan Azrin na wenzake walitoa habari za jaribio lao katika mji wa Carbondale, jimbo la Illinois huko Marekani. Waliwakusanya watu wasio na kazi wakawa wanakutana kila siku. Kila mmoja alipewa mwenzake wa kwenda naye. Aliyesikia nafasi isiyomfaa alimwambia anayefaa. Walisaidiana kuandika barua, kujizoeza maneno ya kumwambia mwajiri, na wenye gari waliwachukua wasio nalo. Baada ya miezi miwili, watu tisini katika kila mia walikuwa wamepata kazi, na katika wale walioachwa wajitafutie peke yao walipata hamsini na tano. Soma tena hayo uliyoyasoma. Kukutana kila siku, kwenda wawili wawili, kupeana habari. Sisi twakutana mara tano kwa siku! Wamarekani iliwabidi waunde chama ili wapate kitu ambacho sisi tunacho tangu adhana ya kwanza, nasi twakitumia kwa kusalimiana na kuulizana habari za mvua.

Mtu atauliza, na swali lake ni la haki: kazi zenyewe ziko wapi? Ukimsaidia mmoja si umemnyima mwingine? Kule Ufaransa wachunguzi waliliangalia jambo hili, wakaona katika matokeo yao ya mwaka 2013 kwamba sehemu ya waliosaidiwa waliwapiku wasiosaidiwa, hasa pale kazi zilipokuwa chache. Sitaficha hayo. Kumtafutia mtu kazi hakuoteshi mkonge. Lakini nafasi chache zilizopo sasa zagawiwaje? Kwa ujomba, na kwa kitu mkononi. Ikiwa nafasi ni moja na watu ni wanne, nataka aipate aliyeiweza kazi, na wale watatu wawe wamepata kiinua mgongo chao na fao lao, wajue na msimu wa kuvuna machungwa Muheza waanzia lini. Huko si kumnyima mtu.

Haya hayataki fedha nyingi. Yataka daftari moja la kuandika nani amepoteza kazi, lini, na alifanya nini, ili zile siku thelathini zisipite. Yataka mtu mmoja mwenye kuijua lugha ya ofisi, na mwingine, mwanamke, wa kuwapitia wanawake majumbani. Yataka nauli, na hiyo itoke katika kile kikapu cha Ijumaa. Kumpeleka fakiri na maskini ofisini kufuata haki yake sijaona mwanachuoni atakayesema kwamba si sadaka. Na yataka wazee wawili wa heshima wa kwenda kwa meneja wa shamba, si kwa kupiga magoti, bali kumwambia: tuna watu, twawajua kwa majina na kazi zao, ukiwa na nafasi tuulize kabla hujamwuliza dalali.

Imamu asiniambie msikiti si ofisi. Msikiti wa Mtume ulipokea wajumbe wa makabila, na Ahlu Suffa wasiokuwa na makao walilala humo. Benchi moja barazani, nje kabisa, pale ambapo sasa wamekaa wale wanaume, haliwezi kuupunguzia msikiti wa Kerenge utukufu wake.

Nawe ujuaye kuzisoma barua za serikali, Jumamosi asubuhi una shughuli gani?